Ibilisi Tunayemchora na Ibilisi Aliyepo: Tafakari Juu ya Tuhuma za Uchawi na Mahubiri ya Hofu

Mwezi Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii nchini Kenya, wanawake wanne wazee waliuawa na umati uliowatuhumu kuwa ni wachawi. Halikuwa tukio la kwanza: mwaka 2008, katika eneo hilohilo la Kisii, watu 11 walichomwa moto kwa tuhuma kama hizo. Mwezi Aprili 2023 dunia ikashtushwa na habari za msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako miili ya watu zaidi ya 400 ilifukuliwa, wakiwemo watoto wengi. Walionusurika walisimulia kwamba waliambiwa wafunge kula mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Kwetu Tanzania, mauaji ya wazee wanawake kwa tuhuma za uchawi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na ya magharibi ni jeraha la miaka mingi. Na katika vijiji vya Kigoma na kwingineko, watu wanaojiita wafichuaji wa wachawi, maarufu kwa majina ya kamchape au rambaramba, hupita nyumba kwa nyumba wakitoza michango na kutaja majina ya majirani.

Matukio haya yana mengi yanayoyatofautisha, lakini kuna jambo moja linaloyaunganisha. Katika yote, kuna watu waliojiona wanapigana na Shetani au wanamkimbia. Umati uliowasha moto uliamini kwamba unaliondoa baya kijijini. Familia zilizoingia msituni ziliamini kwamba zinauhama ulimwengu wa Ibilisi, pamoja na shule zake, hospitali zake na vitambulisho vyake. Jina la Ibilisi lilikuwa midomoni mwa wengi, na waliokufa ni wanyonge.

Kwa hiyo swali ninalopenda tulitafakari pamoja si kama Ibilisi yupo. Mama Kanisa anafundisha kwamba yupo, na Hayati Baba Mtakatifu Francisko, katika Wosia wake wa kitume "Gaudete et Exsultate" wa mwaka 2018, alituonya tusimgeuze kuwa hadithi tu au mfano wa maneno. Swali ni hili: Ibilisi tuliyemchora kichwani mwetu ana sura gani, na sura hiyo tumeitoa wapi? Kwa maana sura tunayombandika Mwovu ndiyo inayoamua nani tutamwogopa, na mara nyingi ndiyo inayoamua nani tutamdhuru.

Jina linalotaja kazi yake

Maandiko Matakatifu hayatupatii picha ya uso wa Ibilisi. Yanatupatia majina yake, na majina hayo yanataja kazi. Neno "Shetani" limetufikia kupitia Kiarabu, na asili yake ya Kiebrania ina maana ya mpinzani, yule anayesimama mbele ya hakimu ili kumshtaki mtu. Neno "Ibilisi" nalo tumelipokea kutoka Kiarabu, na wataalamu wengi wa lugha hulihusisha na neno la Kigiriki "diabolos", yaani msingiziaji, anayetupa maneno kati ya watu ili kuwatenganisha.

Ndivyo anavyoonekana katika Biblia. Katika kitabu cha Ayubu anasimama mbele ya Mungu na kudai kwamba uchaji wa Ayubu ni wa kununuliwa (rej. Ayu 1:9-11). Katika kitabu cha Zekaria anasimama mkono wa kuume wa kuhani mkuu Yoshua ili amshtaki, na Bwana anamkemea (rej. Zek 3:1-2). Kitabu cha Ufunuo kinamwita mshtaki wa ndugu zetu, anayewashtaki mchana na usiku (rej. Ufu 12:10). Na Bwana wetu mwenyewe anamtaja kwa sifa mbili zinazokwenda pamoja: ni mwuaji tangu mwanzo, na ni baba wa uongo (rej. Yn 8:44). Uongo kwanza, mauaji baadaye.

Tulinganishe na jina ambalo Yesu anampa Roho Mtakatifu katika Injili ya Yohane: "Parakletos", mtetezi, anayeitwa asimame upande wa mtuhumiwa kama wakili. Katika mahakama ya wokovu, basi, kuna mshtaki na kuna mtetezi. Mkristo anayesikia jirani yake akitajwa kuwa mchawi hana budi kujiuliza yuko kwenye kiti cha nani.

Kuhusu asili ya Ibilisi, mafundisho ya Kanisa ni mafupi na yana kiasi. Mtaguso Mkuu wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ulifundisha kwamba Ibilisi na pepo wengine waliumbwa na Mungu wakiwa wema kwa asili yao, wakawa waovu kwa uamuzi wao wenyewe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 391 hadi 395, inarudia fundisho hilo na kuongeza jambo ambalo mahubiri mengi ya siku hizi yamelisahau: nguvu ya Shetani ina mipaka. Yeye ni kiumbe. Hajui yote, hawezi yote, hayupo kila mahali. Anayehubiri kana kwamba kuna miungu wawili wanaopigana kwa nguvu sawa, mmoja mwema na mmoja mwovu, ameiacha imani ya Kanisa hata kama ameshika Biblia mkononi.

Malaika wa bluu wa Ravenna

Wakristo wa karne za kwanza waliomkataa Shetani kwa sauti siku ya ubatizo wao hawakuwa na desturi ya kumchora. Kuta za makaburi ya chini ya ardhi huko Roma zina Mchungaji Mwema, Yona, Danieli na meza ya Bwana, lakini zimwi lenye pembe halimo. Moja ya picha za kale kabisa ambazo wataalamu wengi hudhani zinamwonesha Ibilisi ipo katika kanisa la Sant'Apollinare Nuovo, mjini Ravenna, Italia, katika mozaiki za karne ya 6. Kristo ameketi akiwatenga kondoo na mbuzi. Nyuma ya kondoo amesimama malaika mwekundu, na nyuma ya mbuzi amesimama malaika wa bluu. Huyu wa bluu ni kijana mzuri, mtulivu, ana mabawa, ana hata duara la nuru kichwani kama mwenzake. Ukimtazama bila kumtazama Kristo, huwezi kujua kwamba yuko upande wa waliopotea. Mtume Paulo alikwisha kuonya kwamba Shetani hujigeuza awe mfano wa malaika wa nuru (rej. 2 Kor 11:14), na mafundi wa Ravenna wanaonekana kumwelewa vizuri.

Pembe na kwato zilikuja baadaye. Wasanii wa Ulaya ya Zama za Kati waliziazima kwa sehemu kubwa kutoka kwa miungu ya kipagani waliyoifahamu, hasa Pan wa Wagiriki, mungu wa wachungaji mwenye miguu ya mbuzi. Wakaongeza mabawa ya popo, makucha, mkia na midomo inayomeza watu. Picha hizo zilikuwa na kazi yake: waamini wengi hawakujua kusoma, na ukuta wa kanisa ulikuwa katekisimu yao. Zilimwambia mkulima na mfalme kwa lugha moja kwamba dhambi ina mwisho mbaya.

Hata hivyo mshairi mkubwa wa zama hizo aliona mbali zaidi. Dante Alighieri, aliyefariki mwaka 1321, anapofika kwenye kina cha mwisho cha Jehanamu yake hakuti moto. Anakuta barafu. Lusiferi amekwama ndani yake hadi kifuani, analia kwa macho yake sita, na upepo wa mabawa yake sita ndio unaozidi kuigandisha ile barafu inayomshika. Hasemi neno lolote. Kadiri anavyopigapiga mabawa ndivyo anavyojifunga zaidi. Hiyo ndiyo teolojia sahihi ya uovu: si nguvu inayoshindana na Mungu, bali ni upendo uliokufa, ubaridi usioweza kutoka ndani ya nafsi yake.

Sura ya zimwi inapowekwa kwenye uso wa mtu

Tatizo lilianza pale picha ya zimwi ilipotafutiwa mtu wa kuibeba. Historia haifichi jambo hili, na sisi Wakatoliki hatuna sababu ya kulificha.

Kwanza ni suala la rangi. Mtakatifu Athanasi, katika kitabu chake juu ya maisha ya Mtakatifu Antoni wa jangwani, anasimulia Ibilisi akimtokea Antoni kama kijana mweusi, na masimulizi mengine ya wamonaki wa zama hizo yana picha kama hiyo. Weusi hapo ulikuwa ishara ya giza la dhambi, lakini ishara huteleza upesi. Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walimpaka Shetani rangi nyeusi, na baadhi ya picha za katekesi zilizotumika katika misheni za Afrika zilikuja na rangi hiyohiyo, zikatundikwa mbele ya watoto weusi. Mungu ana njia zake za kujibu. Jangwa hilohilo la Misri lililomwona Shetani katika sura ya Mwethiopia lilimtoa Mtakatifu Musa Mwethiopia, jambazi wa zamani aliyeongoka, ambaye hata wamonaki wenzake walimdhihaki kwa ngozi yake. Akawa padre na baba wa kiroho wa wengi, na Kanisa linamkumbuka tarehe 28 Agosti.

Pili ni Wayahudi. Michoro mingi ya Zama za Kati iliwavika pembe na kuwaweka karibu na Ibilisi, na chuki iliyochorwa ukutani ilishuka barabarani ikawa fujo na mauaji. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Tamko la "Nostra Aetate" la mwaka 1965, ulikataa kwa uwazi kuwaonesha Wayahudi kama watu waliolaaniwa na Mungu.

Tatu ni wapinzani wa kila aina. Wakati wa Matengenezo, Waprotestanti walimchora Papa kama kazi ya mashetani, na Wakatoliki wakamchora Luther kama chombo cha Ibilisi. Hata ile picha maarufu ya Malaika Mkuu Mikaeli akimkanyaga Shetani, iliyochorwa na Guido Reni mnamo mwaka 1635 kwa ajili ya kanisa la Wakapuchini mjini Roma, na ambayo nakala zake zimetundikwa katika nyumba nyingi za waamini, ina kisa chake. Inasimuliwa kwamba uso wa Shetani katika mchoro ule ulifananishwa na uso wa Kardinali mmoja wa familia ya Pamphilj, iliyokuwa na uhasama na familia ya Barberini, alikotoka Kardinali aliyeagiza mchoro. Kardinali huyo aliyefananishwa na Shetani ndiye aliyechaguliwa baadaye kuwa Papa Inosenti X. Hata kama kisa hiki kilitiwa chumvi, kinatufundisha jinsi ilivyo rahisi kumpa Ibilisi sura ya mtu tusiyempenda.

Na nne, ambalo linatugusa kuliko yote, ni wanawake wazee. Kitabu cha "Malleus Maleficarum", kilichochapwa mara ya kwanza miaka ya 1480, kilieneza Ulaya picha ya mchawi kama mwanamke aliyefanya agano na Ibilisi. Katika karne mbili zilizofuata maelfu ya watu waliuawa, wengi wao wanawake, katika nchi za Kikatoliki na za Kiprotestanti pia. Walipoteswa walikiri, na walipokiri walitaja wengine, na waliotajwa waliteswa.

Aliyethubutu kuikata minyororo hiyo kwa hoja alikuwa padre Mjesuiti Mjerumani, Friedrich Spee. Mwaka 1631 alichapisha kitabu, "Cautio Criminalis", bila kuweka jina lake, kwa kuwa kuwatetea watuhumiwa wa uchawi kulimweka mtu hatarini kutuhumiwa mwenyewe. Hoja yake ilikuwa wazi: kwa mateso yale, mtu yeyote, hata hakimu mwenyewe, angekiri kuwa mchawi. Wachawi walionekana wengi kwa sababu mashtaka na mateso yalikuwa yakiwazalisha. Padre Spee alifariki mwaka 1635 huko Trier kwa ugonjwa wa tauni alioambukizwa akiwahudumia askari wagonjwa. Leo mapadre na makatekista wa maeneo yenye kamchape wangefaidika kumjua.

Kutoka Ulaya ya zamani hadi vijijini kwetu

Msomaji anaweza kusema kwamba hayo ni ya Ulaya. Lakini tuyatazame ya kwetu. Bibi mwenye macho mekundu anaogopwa kijijini. Macho hayo yamewekundu kwa moshi wa kuni na wa samadi ya ng'ombe aliyopikia miaka 50, akiwalisha haohao wanaomnyoshea kidole. Mtoto anaugua malaria, ng'ombe anakufa, kijana anakosa kazi mjini, na jibu linatafutwa kwa yule asiye na mtoto wa kiume wa kumtetea. Kilifi, wazee kadhaa wameuawa kwa tuhuma za uchawi huku nyuma ya tuhuma kukiwa na mgogoro wa ardhi: mzee akiisha kuuawa au kukimbia, shamba linabaki. Tamaa ya shamba hujificha nyuma ya bidii ya kumpiga vita Shetani. Je, hapo Shetani yupo wapi hasa? Yupo kwa yule bibi, au yupo katika uongo uliotungwa juu yake?

Sambamba na hayo kuna mchanganyiko wa maneno unaotusumbua sisi wasemaji wa Kiswahili. Katika mila za pwani, "mashetani" au "pepo" ni viumbe wa namna nyingi: wapo wa bara na wa baharini, huwapanda watu, hupungwa kwa ngoma, hudai kitambaa au manukato na kupatana na mwenyeji wao. Wachongaji wa Kimakonde waliwapa umbo katika mpingo kwa ule mtindo unaoitwa shetani. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, aliwachora mashetani wenye masikio makubwa wakicheza, wakilewa na kugombana kama majirani wa Dar es Salaam. Kazi zake alizikuza katika Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa miaka ya 1970 na mtawa wa Shirika la Maryknoll. Ni sanaa inayomcheka binadamu na vituko vyake, na hakuna sababu ya kuiogopa.

Lakini kiumbe wa masimulizi hayo si yule anayetajwa na Injili. Tunapowachanganya, kila tatizo linapata pepo wake: pepo wa umaskini, pepo wa kukataliwa, pepo wa kutoolewa, pepo wa deni. Kisha anatokea mtu mwenye kipaza sauti anayeuza dawa ya kila mmoja: mafuta, maji, kitambaa, sadaka ya kufungua. Mganga wa pepo zamani alidai kuku. Huyu anadai mshahara. Na Shetani halisi, anayetushawishi tule rushwa, tumpige mke na tumseme jirani, anabaki bila kuguswa.

Aliyesimama mahali pa Kristo

Katika Kanisa Kuu la Orvieto, Italia, Luca Signorelli alichora kati ya mwaka 1499 na 1504 picha ya mahubiri ya Mpinga Kristo. Ningependa kila kiongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo aione. Katikati ya uwanja, juu ya jiwe, amesimama mhubiri anayefanana na Yesu kama tulivyozoea kumwona: nywele ndefu, ndevu, uso wa upole. Karibu na sikio lake amesimama Ibilisi akimnong'oneza, na mkono mmoja unaotokea kwenye joho ni vigumu kusema ni wa mhubiri au ni wa Ibilisi. Miguuni pake zimerundikwa dhahabu na vyombo vya thamani. Nyuma yake kuna muujiza wa uongo, na pembeni kuna watu wanaouawa. Umati unasikiliza. Ni kikundi kidogo tu cha watawa, wamekusanyika wakiwa na vitabu wazi, wanasoma na kujadiliana.

Huyo ndiye Ibilisi aliye hatari. Waandishi wakubwa wa karne zilizofuata wamekubaliana na Signorelli. Shetani wa John Milton, mwaka 1667, ni msemaji hodari kiasi kwamba wasomaji wengine wamemwona shujaa. Mefistofele wa Goethe ni mcheshi na mwerevu. Ibilisi wa Dostoyevsky, anayemtembelea Ivan Karamazov, ni bwana mmoja wa makamo, suti yake imepitwa na wakati. Katika kitabu cha C. S. Lewis cha mwaka 1942, ni ofisa mzee anayemwandikia mpwa wake barua za kumfundisha namna ya kumpoteza mtu kwa mambo madogomadogo. Hakuna hata mmoja anayetisha kwa pembe. Wote wanazungumza vizuri.

Jangwani, Ibilisi alimjaribu Yesu kwa kunukuu Zaburi (rej. Mt 4:6). Basi kunukuu Biblia si kithibitisho cha kutumwa na Mungu. Mhubiri wa Shakahola, anayekabiliwa na mashtaka mahakamani ambayo ameyakana, alikuwa amejulikana kwa miaka kadhaa kwa kupinga elimu ya shule na kuwaonya watu dhidi ya kitambulisho cha Huduma Namba kwa madai kwamba ni alama ya mnyama. Waliomfuata walikuwa wamekwisha kufundishwa kumwona Ibilisi katika kila kitu kilicho nje: darasa, zahanati, serikali. Hawakufundishwa kumtafuta kwenye sauti inayomtenga mtu na ndugu zake, inayodai utii bila maswali, na inayomnyima mtoto chakula.

Sisi Wakatoliki nasi hatukuachwa nje ya mchezo huu wa kuchora. Kuna video zinazosambaa mitandaoni zikidai kwamba Kanisa humwita Lusiferi katika Mkesha wa Pasaka, kwa sababu neno la Kilatini "lucifer" linasikika katika Mbiu ya Pasaka. Neno hilo maana yake ni mleta nuru, yaani nyota ya asubuhi, na katika Mbiu linamtaja Kristo Mfufuka, nyota isiyotua. Kama jina la Ibilisi, limetokana na namna Mababa wa Kanisa walivyolisoma shairi la nabii Isaya dhidi ya mfalme wa Babeli (rej. Isa 14:12). Katika karne ya 4 kulikuwa hata na Askofu wa Cagliari aliyeitwa Lusiferi, na hakuna aliyeshangaa. Tusikasirike sana na wanaosambaza video hizo. Bwana wetu mwenyewe aliambiwa kwamba anatoa pepo kwa uwezo wa Beelzebuli (rej. Mt 12:24), na kwamba ana pepo (rej. Yn 8:48). Aliyekuja kutukomboa aliwahi kukaa kwenye kiti cha mtuhumiwa wa uchawi. Kumbukumbu hiyo peke yake yatosha kutuzuia tusimweke mtu mwingine kwenye kiti hicho kwa sababu ya uvumi.

Tufanye nini katika parokia zetu

Kwanza, tushike utaratibu wa Kanisa. Kanuni namba 1172 ya Sheria za Kanisa inaelekeza kwamba hakuna anayeruhusiwa kuwapunga pepo waliopagawa bila ruhusa maalumu na ya wazi ya Askofu mahalia, na ruhusa hiyo hupewa padre tu, mwenye uchaji, elimu, busara na maisha yasiyo na doa. Barua ya Idara ya Mafundisho Tanzu ya Kanisa ya mwaka 1985 ilikumbusha kwamba waamini walei hawaruhusiwi kufanya ibada hizo wala kuwahoji pepo ili kujua majina yao. Kikundi cha sala kinachomuuliza "pepo" nani amemtuma, kisha kikatoka na jina la shangazi au la mama mkwe, kimefanya kazi ya kamchape ndani ya uzio wa kanisa.

Pili, tuanze na hospitali. Katekisimu, namba 1673, inataka tuhakikishe kwanza kwamba tatizo si ugonjwa, kwa kuwa ugonjwa, hasa wa akili, ni kazi ya tiba. Kifafa, sonona na msongo baada ya kujifungua vina wataalamu wake. Kumpeleka mgonjwa hospitali si kukosa imani, na kumwombea huko huko hospitalini si kupungukiwa elimu.

Tatu, Jumuiya Ndogo Ndogo ziwe mtetezi. Kamchape wakija na orodha yao, Mkatoliki asichange hata shilingi. Jina la mzee likianza kutajwa vilabuni na visimani, wanajumuiya waende kusali nyumbani kwake, waonekane, wakae, wanywe maji yake na kula chakula chake. Hakuna hotuba inayovunja uvumi kama watu 20 wanaotoka nyumbani kwa bibi wakiwa wazima. Kukiwa na tishio, taarifa ifike kwa mwenyekiti wa kijiji, polisi na paroko mapema, kabla ya usiku wa moto. Na kama kuna mgogoro wa ardhi nyuma yake, utajwe kwa jina lake, usiachwe ujivike joho la dini.

Nne, turudie ahadi zetu za ubatizo kwa akili. Kila Pasaka tunamkataa Shetani, mambo yake yote na fahari zake. Hatuulizwi kama tunamkataa jirani yetu anayeonekana kama Shetani. Tunaulizwa juu ya mambo yake, na mambo yake makuu, kama tulivyoona, ni kusema uongo na kushtaki. Anayeungama kwamba alimsingizia mtu, kisha akarudi kijijini kulisafisha jina hilo mbele ya waliomsikia, amemshinda Ibilisi kuliko aliyekesha usiku kucha akimkemea kwa sauti kubwa.

Kristo amekwisha kushinda, na nguvu ya mshtaki imevunjwa msalabani. Tukitoka kwenye Ekaristi Jumapili hii, tupitie kwa yule mzee ambaye hakuna anayepita kwake, tumsalimu, na tukae kidogo.